Utambuzi na Uzuiaji wa Kichaa cha Mbwa kwa Binadamu Baada ya Kuguswa na Popo Kisiwani Pemba

Utangulizi

Jina la maradhi huweza kuwa pazia linaloficha sehemu ya maradhi yenyewe. Katika Kiswahili, ugonjwa unaosababishwa na virusi vya jenasi ya Lyssavirus huitwa kichaa cha mbwa, na jina hilo limebeba ukweli mkubwa, kwani kati ya vifo vya binadamu vinavyokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, takriban asilimia 99 hutokana na mbwa. Hata hivyo, jina hilohilo limewafunga mgonjwa na mtabibu katika swali moja, yaani kama mgonjwa aliumwa na mbwa. Mtu aliyekwaruzwa usoni na popo hana sababu, kwa lugha aliyokulia, ya kuuhusisha mkwaruzo huo na kichaa cha mbwa. Mtabibu naye, akisikia kwamba hakuna mbwa, huona swali limekwisha.

Makala haya yanaeleza namna maradhi haya yanavyotambuliwa na kuzuiwa kwa mtu aliyeguswa na popo, kwa kuitazama Pemba, kisiwa ambacho kichaa kinachoenezwa na mbwa kimekwisha kutokomezwa mara mbili katika kipindi cha miaka kumi. Hoja inayojengwa ni kwamba, baada ya mafanikio hayo, udhaifu mkubwa uliobaki haumo katika chanjo wala katika vifaa vya maabara, bali umo katika swali linaloulizwa mgonjwa anapofika kituoni. Swali hilo likikosewa siku ya kwanza, mtu hupoteza kinga ambayo ingemwokoa. Likikosewa tena mgonjwa akiwa mahututi, kisiwa hupoteza nafasi ya kujua maradhi yaliingia kwa njia gani.

Usuli: mbwa wa Pemba kati ya 2010 na 2018

Utafiti wa Lushasi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2023, uliunganisha ufuatiliaji wa watu na wanyama walioumwa pamoja na usomaji wa vinasaba kamili vya virusi, kwa kipindi cha kuanzia 2010 hadi 2020. Watafiti hao walibaini minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja tangu 2010, na yote ikawa imekatika ilipofika Mei 2014, baada ya uchanjaji wa mbwa wa kila mwaka kuanzishwa na kuimarishwa kisiwa kizima. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena, mara mbili kwa njia mbili tofauti, na mlipuko uliofuata ulizimwa Oktoba 2018 baada ya mbwa kuchanjwa upya kote kisiwani.

Matokeo mawili ya utafiti huo yana uzito wa pekee katika mjadala wa popo. Kwanza, umeonesha kwamba chanjo kwa majeruhi huokoa maisha kwa gharama ndogo, iliyokadiriwa kuwa dola 256 za Marekani kwa kila kifo kinachoepushwa, lakini haikati mnyororo wa maambukizi. Kinachoukata ni chanjo ya mbwa. Kauli hiyo ni sahihi kwa mbwa, lakini haina mwenziwe kwa popo. Hakuna chanjo ya popo wa mwituni inayotumika, na hakuna namna ya kumchanja kila popo anayelala darini au msituni. Kwa hiyo, kwa upande wa popo, mzigo wote wa kinga unaangukia kwa binadamu mwenyewe na kwa kituo cha afya. Pili, utafiti umeonesha kwamba vinasaba vya virusi vinaweza kueleza safari yake. Bila usomaji huo, wasimamizi wa afya wasingeweza kujua kwamba mlipuko wa 2016 ulitoka nje, na huenda wangedhani kwamba moto wa zamani haukuwa umezimika.

Pamoja na uimara wake, ufuatiliaji wa aina hii una mpaka unaofaa kutajwa. Huanza na kumbukumbu za majeruhi waliofika vituoni, kisha hurudi nyuma hadi kwa mnyama aliyewauma. Mtu ambaye hakufika kituoni kwa sababu mkwaruzo wa popo haukumpa hofu hawezi kuonekana ndani yake. Jambo hilo si kosa la watafiti: chombo kilichoundwa kumsaka mbwa kimemsaka mbwa, tena kwa ustadi mkubwa.

Mafanikio hayo yamebadilisha maana ya kila kisa kitakachofuata. Kisiwa kilipokuwa na mbwa wengi wenye maradhi, mgonjwa mwenye dalili za kichaa alihesabiwa kuwa ameumwa na mbwa, na dhana hiyo ilikuwa sahihi karibu kila mara. Mbwa wagonjwa wakiisha, kisa kimoja tu cha binadamu huibua mambo mawili yanayohitaji hatua tofauti kabisa: ama virusi vya mbwa vimeingia tena, au kuna chanzo kingine.

Popo na virusi vya Afrika Mashariki

Lisavirusi ni jamii yenye aina nyingi, na kirusi kinachoenezwa na mbwa ni mmoja tu wa ukoo huo. Aina nyingi zilizosalia zimepatikana kwa popo. Barani Afrika kinachojulikana kuua binadamu baada ya kuguswa na popo ni kirusi cha Duvenhage, kilichotambuliwa mara ya kwanza nchini Afrika Kusini mwaka 1970, kikaua tena nchini humo mwaka 2006. Kisa cha tatu kilitokea karibu zaidi na Pemba. Mwezi Oktoba 2007 mwanamke mmoja kutoka Uholanzi, akiwa kambini katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, alipigwa usoni na popo mdogo aliyemwachia vidonda vidogo puani. Hakupata chanjo. Baada ya takriban wiki tatu, akiwa amekwisha kurudi kwao, alianza kusema kwa shida, mashavu yakafa ganzi na mwendo ukayumba. Alifariki Disemba mwaka huohuo.

Kisa hicho kinastahili kutuliwa. Jeraha lilikuwa dogo kiasi cha kupuuzwa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Dalili za mwanzo hazikuwa zile ambazo vitabu huzitanguliza: hakuanza kwa kuogopa maji wala kwa ukali. Na katika nchi yenye hospitali kubwa na maabara za kila aina, utambuzi uliwezekana kwa sababu habari ya popo ilikuwa imesemwa. Lau mgonjwa angekuwa amenyamaza, au hakuna ndugu aliyeijua safari yake, madaktari wangekuwa na mgonjwa wa uvimbe wa ubongo usiojulikana chanzo.

Visa vingine vya ukanda huu vinahusu virusi vilivyopatikana kwa wanyama. Mwaka 2009 ubongo wa popo mkubwa wa pangoni aliyekutwa amekufa katika pwani ya kusini ya Kenya ulitoa kirusi kipya kilichopewa jina la Shimoni. Shimoni iko ng'ambo ya mkondo wa bahari, kilomita zipatazo 40 kutoka ncha ya kaskazini ya Pemba. Mwaka huohuo, katika Serengeti, fungo aliyeonesha dalili za kichaa na kumng'ata mtoto alikutwa na kirusi kingine kipya, kilichoitwa Ikoma. Fungo si popo, lakini jamaa wa karibu wa kirusi hicho wamepatikana kwa popo wa Ulaya. Kirusi cha Lagos, kilichotambuliwa kwa popo wa matunda nchini Nigeria mwaka 1956, kimepatikana pia kwa popo wa matunda wa Kenya. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na Lagos, Shimoni au Ikoma.

Pemba ina popo wake. Pteropus voeltzkowi, popo mkubwa wa matunda ambaye hapatikani kokote duniani isipokuwa kisiwani humo, alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kutokana na uwindaji na ukataji wa misitu, kisha akaongezeka hadi kufikia takriban elfu ishirini baada ya jamii za Kidike na kwingineko kuyalinda makazi yake. Jenasi ya Pteropus ina umuhimu katika mada hii kwa sababu ya Australia, ambako mwaka 1996 lisavirusi ilitambuliwa kwa popo wa jenasi hiyohiyo, na watu watatu wakafariki kati ya 1996 na 2013. Mmoja wao aliugua zaidi ya miaka miwili baada ya kung'atwa. Ni lazima mtafiti ajizuie hapa: undugu wa jenasi si ushahidi wa maambukizi, na popo wa Pemba hawezi kuhukumiwa kwa dhambi ya binamu yake wa Queensland. Inachothibitisha Australia ni kwamba popo wakubwa wa matunda wanaweza kubeba virusi hivi bila kuacha alama yoyote kwa miaka mingi, katika nchi ambayo ilijihesabu kuwa haina kabisa kichaa cha mbwa. Pemba inakaribia kuwa katika hali kama ile.

Kinga ya mtu aliyeguswa na popo

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 hugawa hatari katika madaraja matatu. Kumgusa au kumlisha mnyama, na kulambwa kwenye ngozi nzima, ni daraja la kwanza lisilohitaji chanjo. Kung'atwa kidogo kwenye ngozi iliyo wazi, au kukwaruzwa bila kutoka damu, ni daraja la pili. Daraja la tatu linahusu majeraha yanayopenya ngozi, mate yanayoingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda, na mguso wowote wa moja kwa moja na popo. Kwa maneno mengine, popo hapimwi kwa ukubwa wa jeraha. Mkwaruzo ambao ukifanywa na mbwa ungewekwa daraja la pili, ukifanywa na popo huwekwa la tatu moja kwa moja. Sababu ni ya kimaumbile: meno ya popo wengi ni madogo na membamba, na jeraha lake linaweza kufunga kabla halijaonwa.

Tofauti ya pili ni siku kumi za kumchunga mnyama. Kwa mbwa au paka, mtabibu anaweza kuanza chanjo na kuisitisha endapo mnyama atabaki mzima kwa siku kumi. Kanuni hiyo haimhusu popo. Popo aliyeruka akaenda zake hapatikani tena, na popo aliye hai baada ya siku kumi hathibitishi chochote. Kituo kilichozoea kusema "mtazameni mnyama kwanza" kinaweza kumponza mtu kwa kufuata kanuni sahihi mahali pasipo pake.

Hatua ya kwanza kabla ya yote ni kuosha. Jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Kisayansi hatua hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa lisavirusi zote zimefunikwa kwa utando wa mafuta unaovunjwa na sabuni, na sabuni haibagui Duvenhage na Shimoni. Chanjo, kama itakavyoelezwa, hubagua. Hapa pana jambo la kufikirisha kuhusu jamii ya Pemba. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kisiwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na aliyeguswa nayo huamrishwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya twahara na haikuwekwa kwa ajili ya tiba ya majeraha, wala udongo haufai kuingizwa kwenye kidonda; lakini imejenga mazoea ya kukimbilia maji baada ya mate ya mbwa. Mate ya popo hayana mazoea ya namna hiyo. Mtu hujifuta kwa kanga na kurudi kulala.

Hatua ya pili ni chanjo. Kwa njia ya sindano ya ndani ya ngozi, mililita 0.1 huchomwa katika sehemu mbili za mwili siku ya 0, ya 3 na ya 7. Kwa njia ya msuli, dozi moja hutolewa siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Njia ya ndani ya ngozi hutumia dawa kidogo zaidi, na kwa hiyo hufaa kisiwa chenye akiba ndogo, mradi wauguzi wamezoeshwa namna ya kuchoma.

Hatua ya tatu, imunoglobulini, ndiyo ngumu kupatikana. Hii ni kingamwili iliyokwisha kutengenezwa, inayochomwa ndani na kandokando ya jeraha ili kuzuia virusi wakati mwili bado haujajibu chanjo. Haifai kutolewa baada ya siku saba tangu dozi ya kwanza ya chanjo, kwani wakati huo mwili umeanza kujitengenezea kinga yake. Mwongozo wa 2018 unakiri kwamba nchi nyingi hazina dawa hiyo ya kutosha, na kwa hiyo unaorodhesha wanaostahili kutangulizwa: wenye majeraha mengi au ya kina, walioumwa kichwani, shingoni au mikononi, wenye upungufu mkubwa wa kinga, walioumwa na mnyama aliyethibitika, na waliong'atwa au kukwaruzwa na popo. Orodha hiyo inamweka mtu mwenye mkwaruzo mdogo wa popo safu moja na aliyeraruliwa na mbwa. Mtabibu asiyeijua atampa dawa aliyeraruliwa na kumrudisha nyumbani aliyekwaruzwa, naye atajiona ametenda haki.

Chanjo zilizopo zimetengenezwa kutokana na kirusi cha mbwa. Hukinga vizuri dhidi ya kirusi hicho na, kwa kiwango fulani, dhidi ya jamaa zake wa karibu, Duvenhage akiwemo. Dhidi ya kundi la Lagos na Shimoni kinga yake ni hafifu, na dhidi ya Ikoma ni hafifu zaidi. Wapo wanaoweza kuuliza, basi chanjo ya nini? Jibu ni kwamba mtabibu wa Wete au Micheweni hana njia ya kujua, saa ile mgonjwa anapoketi mbele yake, ni kirusi kipi kilichokuwamo katika mate ya popo, ikiwa kilikuwamo. Kirusi cha Afrika ambacho kimethibitika kuua watu kutokana na popo kimo katika kundi linalofikiwa na chanjo. Hiyo ni sababu tosha ya kuchanja.

Uzito wa kanuni hii unahitaji mipaka, la sivyo akiba yote ya chanjo itaisha kwa hofu. Popo kuishi darini si mguso. Popo kupita juu ya kichwa si mguso. Kinyesi na mkojo wake si njia zinazotambuliwa za kuambukiza kichaa. Watoto wa Pemba, kama watoto wa pwani yote, huokota maembe yaliyotobolewa na popo. Kuna sababu nyingine za kiafya za kuyaosha au kuyaacha, lakini kula tunda la aina hiyo hakuhesabiwi kuwa mguso unaohitaji chanjo ya kichaa. Mguso ni kumshika popo kwa mkono mtupu, kung'atwa, kukwaruzwa, kuingiwa na mate yake, au mtoto mdogo kukutwa na popo kitandani bila kuweza kueleza kilichotokea. Kundi moja lisisahauliwe: wale wanaowinda, kuchinja na kusafisha popo kwa ajili ya kitoweo. Nchini Vietnam kumeripotiwa wagonjwa wa kichaa ambao hawakuumwa, bali walichinja na kuandaa nyama ya mbwa au paka. Kisu, mikono yenye michubuko na ubongo wa mnyama ni mkutano wa hatari.

Utambuzi wa maradhi

Kabla dalili hazijaanza, hakuna kipimo cha kumpima mtu kujua kama ameambukizwa. Virusi husafiri ndani ya neva kuelekea ubongoni bila kuonekana katika damu, na mwili hautoi kingamwili za kuaminika. Kusubiri kipimo kabla ya kuchanja ni kusubiri kitu kisichokuwepo. Katika hatua hiyo, utambuzi wote ni historia ya mgonjwa.

Dalili zikianza, maradhi huchukua sura mbili. Ya kwanza ni ya mhemko: homa, wasiwasi, kuchanganyikiwa, mate mengi, koo kukaza mgonjwa anapojaribu kunywa maji au anapopulizwa na upepo. Ya pili ni ya kupooza, ambayo hupanda polepole na hufanana na magonjwa mengine ya neva. Kuwashwa au ganzi mahali pa jeraha la zamani ni dalili yenye thamani kubwa, kwa kuwa huweza kumkumbusha mgonjwa jeraha alilokwisha kulisahau. Nchini Malawi watafiti walibaini kwamba baadhi ya watoto waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo walikuwa wamekufa kwa kichaa. Zanzibar, ambako malaria imepungua sana, kosa hilo lingepaswa kuwa gumu kutokea. Lakini mazoea ya mtabibu hupungua polepole kuliko malaria.

Kwa mgonjwa aliye hai, sampuli zinazofaa ni mate, kipande kidogo cha ngozi ya kisogo chenye mashina ya nywele, damu na majimaji ya uti wa mgongo. Mate hutoa virusi kwa vipindi, kwa hiyo huchukuliwa zaidi ya mara moja. Kipimo kimoja kikikosa virusi, jibu hilo halimaanishi kwamba mgonjwa hana maradhi. Kingamwili katika damu ya mtu ambaye hakuchanjwa ni ushahidi mzuri, lakini mara nyingi huchelewa, na wengi hufariki kabla hazijatokea. Ngozi ya kisogo ndiyo inayoonekana kuifaa Pemba zaidi. Ina uwezo mkubwa wa kugundua virusi, huchukuliwa kwa chombo kidogo, na huweza kuchukuliwa hata baada ya kifo. Jambo hilo la mwisho lina uzito katika jamii inayozika maiti wake haraka na kuuhifadhi mwili usikatwekatwe. Familia itakayokataa fuvu kufunguliwa, na ina haki ya kukataa, huenda ikaridhia kipande kidogo cha ngozi, ikielezwa kwa adabu na kwa wakati.

Kipimo cha rejea bado ni ubongo wa mnyama au wa maiti, unaopakwa kingamwili zenye mwanga na kutazamwa kwa hadubini maalumu. Kipimo kingine, kinachosomeka kwa hadubini ya kawaida, kilijaribiwa nchini Tanzania na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006; faida yake ni kwamba hakihitaji vifaa vya gharama kubwa. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake, na Bara kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke. Tatizo la kitaalamu linalohusu popo ni kwamba vipimo vya vinasaba vilivyolengwa kwa kirusi cha mbwa pekee vinaweza kumkosa jamaa yake wa mbali. Kirusi cha Ikoma kilijulikana kwa sababu maabara haikuishia kwenye kipimo kilichomlenga kirusi cha mbwa, bali ilitumia vipimo vya ukoo mzima na kisha kusoma vinasaba. Kwa hiyo fomu inayoambatana na sampuli lazima iseme kwamba popo anashukiwa, ili maabara ijue pa kutazama. Fomu isiyo na neno popo hupata jibu la mbwa.

Thamani ya utambuzi huu kwa mgonjwa mwenyewe ni ndogo. Dalili zikishaanza, maradhi huua karibu wote. Mwaka 2004 msichana mmoja wa Marekani aliyeng'atwa na popo alipona bila kuchanjwa, baada ya kulazwa katika usingizi wa dawa; njia hiyo ilijaribiwa kwa wengi baada yake, akiwemo mgonjwa wa Tsavo, na kwa sehemu kubwa imeshindwa. Anachostahili mgonjwa ni dawa za kutuliza maumivu na hofu, chumba tulivu, na ndugu walioelezwa ukweli.

Anayefaidika na utambuzi ni kisiwa. Tuseme mkaazi wa Mkoani anafariki kwa dalili za kichaa, na hakuna sampuli iliyochukuliwa. Wasimamizi wakidhani ni popo ilhali ni mbwa aliyeletwa kwa jahazi, watakosa wiki za mwanzo za mlipuko, na yatarudi yale ya 2016. Wakidhani ni mbwa ilhali ni popo, watafanya kampeni ya kuchanja mbwa ambao hawakuhitaji wakati ule, huku walioguswa na popo katika nyumba ileile wakibaki bila chanjo. Makosa haya mawili hayalingani. La kwanza ni zito zaidi kwa kisiwa kizima, na kwa hiyo, pale ambapo sampuli imekosekana, busara ni kutenda kana kwamba ni mbwa huku kila aliyemgusa popo akichanjwa. Lakini hiyo ni busara ya mtu aliyefunikwa macho. Sampuli ya ngozi ya kisogo ingemfungua.

Popo, popobawa na ujumbe wa afya

Ujumbe wowote kuhusu popo kisiwani Pemba unaingia katika masikio yaliyokwisha kusikia habari nyingine. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, kiumbe kinachosemwa kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba na kusambaa hadi Unguja. Familia zililala nje kwa makundi, na wanazuoni wameandika juu yake tangu hapo, akiwemo Katrina Daly Thompson katika kitabu cha mwaka 2017. Popobawa si popo, na wasimulizi wenyewe hueleza kwamba jina hilo latokana na kivuli cha mbawa. Kwa mtabibu, hata hivyo, ukaribu wa maneno una athari mbili. Mtu anayesema ameguswa usiku na kitu chenye mbawa anaweza kuchekwa, au kuogopa kuchekwa, na hivyo kunyamaza. Na mgonjwa wa kichaa aliyefikia hatua ya kufadhaika, kupiga kelele na kuyakataa maji hufanana na mwenye pepo, na huenda akapelekwa kwa mganga kabla ya hospitali. Hakuna faida ya kumgombeza aliyekwenda kwa mganga. Ipo faida ya kumfanya mganga ajue swali la kuuliza, kwa kuwa yeye huenda ndiye wa kwanza kusikia habari ya popo.

Hatari ya upande wa pili ni kampeni inayotisha kupita kiasi. Popo wa Kidike waliokolewa kwa kazi ya wanakijiji walioacha kuwawinda na kuanza kuwalinda. Tangazo lisemalo kwamba popo wana kichaa linaweza kuvunja kazi hiyo kwa msimu mmoja, na kwa upande wa afya lingekuwa kinyume cha lengo, kwa kuwa kufukuza, kupiga na kuchoma makazi ya popo huongeza idadi ya wanaowashika. Maneno yanayofaa ni mepesi: popo asishikwe kwa mkono, aliyeguswa aoshe kwa sabuni na afike kituoni siku hiyohiyo, popo aliyekufa au aliyeanguka chini asichezewe na watoto, na anapohitajika kwa uchunguzi ashikwe kwa koleo au kwa mikono yenye glavu nzito, kichwa kisipondwe, kwani ubongo ndio sampuli.

Wanaomshika popo kwa kazi ni wachache kisiwani: watafiti, walinzi wa misitu ya hifadhi, wahudumu wa mifugo, na vijana wa Kidike wanaomwokoa popo aliyenasa kwenye nyavu. Kwao mwongozo wa 2018 unapendekeza chanjo ya kabla ya mguso, katika sehemu mbili za ngozi siku ya 0 na ya 7. Aliyechanjwa hivyo, akikwaruzwa baadaye, huongezewa dozi chache tu na hahitaji imunoglobulini, dawa ile ambayo kwa kawaida haipo. Kwa idadi yao ndogo, gharama ya kuwachanja wote ni ya vichupa vichache vya chanjo, na daftari la majina yao linaweza kutunzwa na ofisi moja ya wilaya.

Kwa wakaazi wengine, ambao ni zaidi ya nusu milioni kwa sensa ya 2022, chombo kilichopo ni daftari la majeruhi la kituo. Safu inayouliza "mbwa wa nani?" ikiandikwa "mnyama gani?", na mhudumu akazoeshwa kuwataja kwa sauti mbwa, paka, fungo, tumbili na popo mbele ya mgonjwa mwenye homa na fadhaa au mwenye mkwaruzo asioujua chanzo chake, mgonjwa hupata nafasi ya kukumbuka alichokiona si kitu.